Ro na La

Shangazi Ezaru, uliuliza mbele ya watu,
udongo ukiwa bado haujasawazishwa,
mama gani huyu asiye na hata tone.
Ulisema kwa sauti ya chini,
lakini matangani sauti ya chini ndiyo inayofika mbali.
Sikukujibu. Ulimi ulikuwa umeganda kaakaani
kama bahasha iliyokwisha kufungwa.

Jibu nimekuja nalo. Limechukua miaka minne.

Kwanza ulikuwa muhogo. Ugali wake haukushuka
bila maji kando: tonge, kikombe, tonge, kikombe.
Kisha meno. Moja, mawili, sita.
Darasani nilificha chupa nyuma ya ubao,
watoto wa darasa la nne wakadhani ni waragi.
Kope zilikwaruza kana kwamba zimeshonewa mchanga kwa ndani.
Nikapewa dawa ya vumbi. Nikapewa dawa ya minyoo.
Nikapewa mstari wa Biblia.

Daktari Drani ndiye aliyenitundika karatasi
kwenye kope ya chini, utepe mwembamba wenye milimita,
akatazama saa. Dakika tano.
Nje mvua ya Arua ilipiga bati kama mdai.
Utepe ulilowa milimita mbili.
"Mbili," akasema, kama msoma mita
kwenye nyumba iliyokatiwa maji.

Akatoa damu. Kipimo chenyewe hapa hakipo,
basi kichupa kikapanda basi la usiku
ndani ya thamosi ya barafu, miguuni pa kondakta,
kikavuka Nile pale Pakwach mimi nikiwa nimelala.
Nilicheka nilipowaza hivyo:
damu ya mwanamke mkavu, juu ya maji yote yale.

Kampala, mtu nisiyemjua alizima taa akachungulia.
Viini vya seli, wameandika, viling'aa kijani,
madoadoa kama bawa la kanga.
Na chini kabisa, majina mawili:
Ro. La.

Nilidhani wino uliwaishia.
Ro, roho iliyokatwa kabla haijapumua.
La, basi ni la.
Kumbe ni herufi za majina ya wagonjwa wa zamani, wa mbali,
ambao damu yao ilionyesha njia.
Kingamwili zangu zimemsahau mwenyeji,
zimeniandika kwenye orodha ya wageni.
Ro ipo, tena nyingi. La? La.
"Damu inashuhudia," akasema Drani, "haihukumu.
Wapo wakavu wasio na Ro. Wapo wenye Ro na macho yao yamelowa."
Akakata punje ya nyama ndani ya mdomo wangu
apate shahidi wa pili.

Alikwisha kufunga faili. Akaifungua tena.
"Umewahi kuzaa?"

Shangazi, unajua nilizaa.
Unajua mkunga alitega sikio tumboni, akahesabu,
akahesabu upya: hamsini. Moyo wa mtoto
ukienda kama mtu aliyebeba gunia mlimani.
Ulisema nimekula nyama niliyokatazwa.
Ayikoru alikaa nasi siku tisa.

Ro hupita kwenye kondo bila hodi.
Mara chache, si kila mara, hutia kovu
pale mpigo wa moyo unapopita.
Daktari alisema "huenda."
Wiki ya tatu sasa nimeishika hiyo huenda,
sijui niiweke wapi.

Kwamba huenda ni kitu kimoja
kilichomchukua
na kilichoninyima maji ya kumlilia.

Sikuja kukushtaki. Hata mimi, usiku,
nimewahi kujipapasa kifua nikitafuta jiwe.
Machozi yanauzwa, ulijua? Kichupa kimoja,
shilingi elfu ishirini na mbili, duka la dawa karibu na soko.
Asubuhi hii niliinamisha kichwa nyuma, pale alipolala,
tone jicho la kulia, tone la kushoto,
na lililozidi likateremka shavuni.
Nilikuona mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, umeduwaa.

Ukiulizwa, usiseme nimelia.
Sema nilikuwa natia dawa.
Nililia siku ile, ulipokuwa unanitazama.